Bampa la Pikipiki ya Mke Wangu

Jumatatu, Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha. Mke wangu amerudi kazini ana tope upande mmoja, kuanzia buti hadi bega, na upande wa pili msafi kabisa. Nimemuuliza kama ameanguka. Akasema, "Nimeteleza." Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akasema anayeanguka hajui anaangukia wapi, kisha akaomba chai.

Nimetoka nje kuiangalia pikipiki kabla hajaiosha. Ni hii mpya aliyopewa na zahanati mwezi uliopita. Ni kubwa kuliko ile ya zamani, na injini imetokeza huku na huku kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Shavu la kushoto lina mkwaruzo mrefu. Mguu wake wa kushoto unakaa papo hapo, karibu na huo mkwaruzo. Nimesimama nikiutazama mpaka nikalowa.

Machi 4

Nimeshona sare mbili za shule. Moja nimeibandika mfuko juu chini. Mawazo.

Alhamisi, Machi 6

Leo nimelitoa la moyoni. Nimemwambia bibie kwamba kabla mvua hazijachanganya, pikipiki ifungwe bampa, yale mabomba ya chuma yanayokaa pande zote mbili za injini, ili siku ikilala chini isimlalie mguu. Amesema hapana. Hakufikiria hata kidogo. Alikuwa anakata kucha na aliendelea kukata.

"Uzito," akasema. "Na njia zangu ni nyembamba. Halafu hayo mabomba yanakinga injini, Fundi. Mimi hayanikingi."

Nikamwambia, "Wewe kutwa unawahimiza akina mama walete watoto wapate kinga. Ukiambiwa wewe, unakuwa wa kwanza kukimbia sindano."

Alicheka mpaka wembe ukamponyoka. Lakini ndiyo hakusema.

Yeye ni muuguzi. Anapeleka chanjo kwenye makazi ya ng'ambo ya mto, ambako gari halifiki. Watu wote wanamwita Sista. Mimi namwita bibie, naye huniita Fundi kwa kuwa nashona nguo, ila nikikasirika namwita Sista kama wao, naye anajua maana yake.

Jumamosi, Machi 8

Nimekwenda kwa Spana, fundi pikipiki wa pale kona. Jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau. Nilipofika peke yangu akasema, "Mzee, bampa ni lazima, kwa mvua hizi hata halina mjadala." Dakika chache baadaye mke wangu akapita kujaza upepo, na Spana yule yule akasema, "Sista, pikipiki nyepesi ndiyo pikipiki." Alipoondoka nikamwambia ni ndumilakuwili. Akajibu kwamba wote wawili ni wateja wake.

Jambo moja la maana alisema. Kuna bampa linaloning'inia kwenye bolti za injini yenyewe, na hilo likigongwa linaipasua injini. Na kuna linalokamata fremu. "Hilo la fremu ndilo bampa," akasema. "Lile lingine ni pambo."

Machi 10

Mvua. Amerudi.

Machi 11

Mvua. Amerudi. Tope pande zote mbili leo, nimeshindwa kujua nianze kuuliza upande upi.

Ijumaa, Machi 14

Nimempigia simu mama mkwe. Huyu mama binti yake humsikiliza, angalau mara moja kwa mwaka. Simu ilikuwa inakatikakatika kwa mvua.

Nikamwambia, "Mama, nisaidie kusema na mwanao. Nataka awekewe kinga kabla mambo hayajaharibika. Fundi nimeshampata."

Kisha akauliza, "Huyo fundi anakaa wapi?"

"Hapa kona tu, mama. Anazo za aina mbili. Nimechagua ile inayoshika sana."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anakataa. Lakini zinafungwa mara moja tu, kushoto na kulia, hata akiwa amelala."

Halafu akasema, "Usifanye lolote. Nakuja." Nimefurahi sana. Sasa nina mtu upande wangu.

Jumamosi, Machi 15

Amefika saa nne asubuhi, amelowa chapachapa, mkoba kichwani. Nimempokea kwa bashasha na kumvutia kiti. Hakukaa. Amesimama katikati ya chumba, kati ya cherehani na meza ya kukatia, akanielekezea kidole.

"Mwanangu hafungwi hirizi na mganga wa mtu yeyote. Kushoto wala kulia. Kama ndoa imekushinda, sema, nimchukue leo."

Mke wangu alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Yeye alielewa kabla yangu, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi. Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuharibu, maana nilisema, "Mama, si mganga, ni Spana," naye akauliza huyo Spana dawa zake anazitoa wapi.

Mwisho tulimpeleka nje tukamwonyesha pikipiki. "Vyuma?" akasema. "Nimepanda magari mawili kwenye mvua hii kwa ajili ya vyuma?" Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini baadaye aliinama, akaupitisha mkono kwenye ule mkwaruzo, polepole. Hakufoka tena. Alimgeukia binti yake, "Sasa kwa nini hamjaviweka?"

Sasa ni wawili kwa mmoja. Mama ametangaza kwamba haondoki mpaka mvua ziishe.

Machi 18

Mvua. Amerudi. Mama mkwe naye amejifunza kusikiliza mlio wa pikipiki. Tunasikiliza wawili, kila mmoja anajifanya hasikilizi.

Jumapili, Machi 23

Bibie alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku akaanguka kitandani na soksi zake. Mama mkwe akanitazama. Nikamtazama.

Nimeisukuma pikipiki mpaka kwa Spana huku mama akilinda mlango wa chumba cha kulala kama askari wa benki. Spana alikuwa na bampa linalokamata fremu, nene, linang'aa, limetanuka vizuri huku na huku. Nikaliona ni ngome. Amelifunga chap chap, nami nikairudisha nyumbani nikipiga mluzi.

Alipoamka na kutoka uani, ameizunguka mara moja. Akauliza, "Nani?" Mama mkwe alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Mimi nikasema, "Ni kwa ajili yako." Akaingia ndani. Naandika haya nikiwa mshindi.

Jumatatu, Machi 24

Mvua. Bado hajarudi. Giza linakaribia. Nimekunja pindo la gauni la bi harusi mara tatu na kulifumua mara tatu.

Amerudi. Kwa miguu, akiisukuma, ana mwendo wa mtu aliyechoka mpaka mifupa. Sasa najua yaliyotokea, na heri nisingejua.

Pale mtoni kuna daraja la mbao la watu wa miguu. Usukani wa pikipiki unapita juu ya kingo zake, lakini chini, usawa wa injini, nguzo zinabana. Kila siku yeye hushuka, hukunja vikanyagio, huisukuma taratibu ikapita. Leo bampa langu limekwama kati ya nguzo mbili. Mbele haliendi, nyuma haliendi. Amesukuma mpaka nguvu zikamwisha. Nyuma yake watu wakapanga foleni, wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, wote wamezibiwa njia. Ameiacha hapo hapo, akajitwisha boksi la chanjo, akatembea. Alipofika barafu ilikuwa imeyeyuka, na akina mama waliokuwa wanamngoja wamelowa bure, kwa sababu dawa iliyopata joto haichomwi. Amewaambia warudi wiki ijayo. Wakati wa kurudi vijana wanne wamemsaidia kuinyanyua, lakini ikagoma kuwaka.

Hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Amekaa kwenye kiti cha wateja wangu, maji yanamtiririka, akaniuliza, "Wewe ni fundi nguo. Umewahi kumkatia mtu kitambaa bila kumpima?"

Nikasema sijawahi.

"Mimi ulinipima?"

Hata wale wateja wanaodai wanajua vipimo vyao, nawapima upya. Hiyo ndiyo sheria yangu pekee maishani.

Halafu akasema, "Leo vyuma. Kesho utaniambia niache pikipiki. Sema kweli, Fundi. Unataka nini?"

Mama mkwe alikuwa ameduwaa mlangoni. Nimesema nataka awe salama. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ninachotaka ni aache. Nataka akae pale zahanati awe anaandika majina ya wagonjwa, chini ya paa. Na yeye akilijua hilo, sijui kama atanitazama tena kama anavyonitazama.

Machi 25

Spana amelitoa bampa. Mama mkwe anasema yeye tangu mwanzo hakuhusika.

Machi 26

Mvua. Amerudi. Anaongea na mama yake, anaongea na paka.

Machi 28

Mvua. Amerudi. Leo ameniambia neno moja. Neno lenyewe ni "chumvi".

Jumapili, Machi 30

Nimemwambia. Nilisubiri mama mkwe alale mchana, nikasimamisha cherehani, nikamwambia yote. Kwamba ndiyo, nataka aache. Kwamba kila pikipiki inayopita barabarani nainua mguu kwenye kanyagio ili nisikilize, na ikiwa si yake natulia kidogo, halafu inapita nyingine. Kwamba nguo za watu zinachelewa kwa sababu ya masikio yangu. Nikamwambia nampenda kuliko anavyodhani na kwamba huko kumpenda kunanifanya mjinga.

Amesikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siwezi kuacha."

"Najua."

"Hujui. Hujawahi kufika." Akafikiri kidogo. "Alhamisi njoo nami. Ukaone. Na uende na futi yako, upime unachotaka kupima."

Mimi pikipiki sijawahi kuipanda. Naziogopa kama mtoto anavyoogopa kinyozi. Nimesema sawa kabla sijapata muda wa kutafuta kisingizio.

Alhamisi, Aprili 3

Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mto. Ngoja nianze mwanzo.

Tumeondoka asubuhi, manyunyu tu. Boksi la chanjo mbele yake, mimi nyuma, futi shingoni. Amenikemea mara mbili, "Nishike kiuno, si shingo." Baada ya hapo nilifumba macho, na baada ya muda nikayafumbua, kwa sababu niligundua kitu. Mke wangu hapigani na ile njia. Anajua ni wapi tope lina chini ngumu na wapi ni la kudanganya. Penye maji anaachia kasi mapema, mguu wa kushoto tayari umeshuka kidogo. Nimeishi naye miaka yote hii nikimwona anaondoka na anarudi tu. Hapa katikati sikuwa nimepaona.

Darajani nimepima. Nguzo kwa nguzo, injini, vikanyagio, buti lake likiwa mahali pake. Watu wamesimama kunitazama nikiipima pikipiki kiuno. Mama mmoja akauliza, "Sista, ndiye huyu mwenye bampa?" Kumbe ng'ambo nzima inanijua.

Walikuwa wanamngoja chini ya paa la bati, benchi moja, watoto wengi. Waliposikia mlio walishasimama. Mimi mlio ule huwa naungoja nikiwa nimebana pumzi. Wao walikuwa wanatabasamu. Amewachanja wote, na wale wa wiki iliyopita niliowakosesha mimi. Mtoto mmoja alilia kabla hajaguswa, akaendelea kulia baada ya kwisha, akanyamaza alipopewa ncha ya futi yangu aishike. Nimekaa pale nimeona aibu, na nimejivuna pia.

Wakati wa kurudi mvua ikamwagika. Kwenye mteremko, karibu na mwisho, gurudumu la nyuma likaenda upande. Yeye peke yake angeimudu. Mimi niliegemea pasipotakiwa. Tulilala chini polepole, karibu kwa adabu. Yeye aliruka, mimi sikujua kuruka, na injini ikaja ikakaa juu ya muundi wa mguu wangu, ya moto.

Nakumbuka sauti yake. Hakuniita Fundi. Aliniita jina langu, lile nililopewa na wazazi, ambalo hajalitamka kwa miaka mingi. Aliinyanyua pikipiki ile peke yake. Sijui alivyoinyanyua, na yeye hajui. Alikata suruali niliyoshona mwenyewe, akauminya mfupa hapa na pale, akasema haujavunjika. Alinifunga bendeji kando ya njia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka bendeji ikaanguka topeni, akatoa nyingine. Mimi nimeiona mikono ile ikishika sindano mbele ya watoto wanaorusha mateke. Haitetemeki kamwe.

Aprili 4

Mguu umevimba, rangi ya zambarau, na una alama ya moto. Mama mkwe ameleta chai, ameutazama, ameuliza, "Ulikwenda kupima daraja au tope?"

Jumapili, Aprili 6

Nimefikia uamuzi, nikamwambia alipokuwa ananisafisha kidonda. Nimemwambia bampa basi. Nimeiona njia na nimemwona yeye. Anajua anachofanya, na pikipiki inatakiwa iwe nyembamba kama alivyosema. Sitaligusa tena jambo hilo. Nilijisikia mtu mzima mwenye moyo mkubwa sana.

Hakusema asante. Alibandika plasta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Aprili 9

Mvua. Amerudi. Ameniuliza darajani kuna upana gani nguzo kwa nguzo. Nikauliza wa nini. "Wewe nijibu tu."

Jumamosi, Aprili 12

Nyumba imepinduka. Mke wangu anataka bampa, mimi sitaki.

Amekuja na kipande cha karatasi chenye vipimo vyangu, anasema Spana anaweza kukunja bomba jembamba lipite darajani, likamate fremu, likae mbele ya mguu tu. Nikamwambia uzito. Nikamwambia yanakinga injini, hayakukingi wewe. Maneno yake mwenyewe, nilimrudishia yalivyo. Mama mkwe akapiga makofi mara moja, akasema, "Nirudisheni kwangu. Hapa kuna wazimu."

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Kimekubadilisha nini?"

Akakaa kwenye kile kiti cha wateja. "Mimi nikiteleza nina kazi," akasema. "Nashika usukani, natafuta pa kutua, sina nafasi ya kuogopa. Alhamisi ile ulipokuwa chini ya injini, nilikuwa natazama tu. Sijawahi kuwa anayetazama." Alikuwa anaongea akiuangalia mguu wangu. "Ndivyo unavyokaa hapo kila siku?"

Nikasema, "Kila siku ya mvua."

Akaanza kulia, na mimi nikalia, na mteja aliyekuja kuchukua gauni lake alichungulia akaondoka.

Jumatano, Aprili 16

Leo tumepima kama inavyotakiwa. Nimekata kadibodi kama ninavyokata karatasi ya koti, nikaifunga kwenye pikipiki kwa pini na uzi. Mke wangu amepanda akiwa na koti la mvua na mabuti, kama mteja anayejaribu. Nimemwambia shusha mguu, pandisha, geuka, kunja kikanyagio. Kadibodi ilipomgusa nilikata. Spana amesimama na moto wake wa kuchomelea akingoja, mwishowe akauliza, "Mzee, hii ni bampa au suti?" Nikamwambia anyamaze, namalizia kiuno.

Aprili 22

Limepita darajani. Nafasi ya kidole kila upande. Amesema ng'ambo wamepiga vigelegele.

Mei 2

Mvua. Amerudi. Bampa limekwaruzika upande wa kushoto. Sikuuliza kitu. Yeye mwenyewe akasema, "Nimeteleza," akavua buti, akauchezesha mguu mbele yangu, vidole vyote, nivione.

Jumamosi, Mei 17

Mvua zimekatika. Barabara zimeanza kutoa vumbi na mama mkwe amefungasha mkoba. Amesema ameishi muda mrefu lakini hajawahi kuona mume na mke wakigombania bomba.

Spana alipita kunywa chai akasema kiangazi watu wengi hutoa bampa ili pikipiki iwe nyepesi, je, alitoe? Nikaona ni sawa. Nimemwendea mke wangu uani, alikuwa juu ya pikipiki amekwisha kuiwasha, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba hatari imepungua, mabomba yamefanya kazi yake, uzito ule yeye alikuwa anaulalamikia tangu mwanzo, na mimi sina neno.

"Liache," akasema. "Sikuliweka kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ya abiria."

Niligeuka kumtafuta huyo abiria. Mama mkwe, mlangoni na mkoba wake, alishika kichwa. Mke wangu akanipa helmeti mpya, ndogo kidogo kuliko yake, na hapo ndipo nikaelewa. Nilitaka kufanya mzaha, nikauacha. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa sana, mpaka sasa hivi naogopa.

"Najua," akasema. "Na mimi naogopa. Panda."